Ukurasa Unaofuata

Asubuhi moja ya mwaka 1611, Barnaby alikuwa akivusha abiria wawili mto Thames, mama muuza pai na kijana mmoja, mikono kwenye makasia, masikio kwao.

"Mama, karatasi ulizofungia hizo pai ni mashairi yangu," kijana alisema, uso umemshuka.

"Mwenye duka la vitabu kaniuzia furushi zima. Alisema hayanunuliwi."

"Mwaka mzima nimeyatunga, wewe unayapaka mafuta."

"Punguza hasira, mwanangu. Juzi fundi viatu alinunua pai, jana akarudi. Nikampa nyingine, akaikataa. Anataka ukurasa unaofuata."

"Ukampa?"

"Nilikuwa nimeshamfungia mtu mwingine."

Barnaby akakaza macho majini asicheke. Mashua ikagota ngazi za ukingoni. Mama akashuka na kikapu chake, kijana nyuma yake, akiuliza fundi huyo anakaa mtaa gani.