Shule ya Boke

Kijiwe cha Kiabakari ni ubao mmoja tu, uliong'olewa kwenye mgodi wa zamani ukalazwa juu ya mawe, pembeni mwa barabara ya Musoma. Mwaka ule sukari ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo Keraryo aliuza kahawa chungu na watu wakainywa hivyo hivyo huku wamekunja sura. Maneno ndiyo hayakuadimika hata siku moja, loo! Pastory alikaa katikati, barua ya mwalimu mkuu mfukoni. Binti yake Boke, miaka kumi, alikuwa darasa la kwanza kwa mwaka wa tatu, haongei, hajui hata herufi moja. Mwalimu aliandika: muhula ujao asirudi. Kulikuwa na masista wenye kituo cha watoto wa namna hiyo, siku mbili kwa gari, na mmoja wao angepita mchana huohuo kuchukua jibu. Mkewe Dafroza walikuwa wamemzika miezi miwili iliyopita. Jambo lote lilimwangukia Pastory peke yake, na aliogopa.

— Siku mbili? Hapana, — alisema Burito, waliyemwita Winchi kwa kazi yake ya zamani mgodini. — Mpeleke shule ya viziwi, ni karibu.

— Boke anasikia vizuri, Winchi.

— Nani atajua? Si haongei? Mfundishe tu asigeuke akiitwa.

— Akiweza kukumbuka hilo, si angeweza kusoma? — Pastory alijibu kwa uchungu.

Isidori, jina la kijiweni Redio kwa kuwa hazimikagi, akatikisa kichwa.

— Nyie mmelala. Shule ya wasioona ndiyo yenye mambo! Wanakunywaga maziwa ya wafadhili. Nilikuwaga na shemeji pale, mpishi, alinenepa mpaka nyumbani hawakumtambua. Mfunge kitambaa machoni, imekwisha hiyo.

— Redio, na wewe!

— Mimi nasikia hao masista wana mashine, — Keraryo akadakia, birika mkononi. — Siku hizi ruksa, kila kitu kinaingia. Anachomekwa waya kichwani, akili inajaa kama betri ya lori.

— Na ikijaa kupita kiasi? — Winchi aliuliza.

— Anakuwa mwalimu mkuu!

Wakacheka mpaka ubao ukatikisika. Pastory naye alicheka, kisha akajichukia. Alitaka mtu amwambie kitu kimoja tu: mtoe, au usimtoe. Akawauliza kuhusu kituo chenyewe, na hapo wote wakawa wataalamu. Walikikagua kama ng'ombe wa mahari. Vitanda? Vya chuma. Maharage? Kila siku. Yunifomu? Wanapewa, na viatu juu. Paa? Bati tupu!

— Sasa unangoja nini? — Winchi aliuliza. — Hata mimi ningeenda.

— Basi nimekubali, — Pastory alisema.

Lori likasimama. Akashuka sista kijana, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani.

— Tumsifu Yesu Kristo.

— Milele amina.

— Mimi ni Sista Euphrasia. Namtafuta baba yake Boke.

— Ndiye mimi, Sista. Tumeshaamua. Mchukue.

Sista alishukuru, akapokea kikombe, akatoa daftari.

— Vizuri, baba. Kule hakuna anayemjua, kwa hiyo naandika mambo madogo madogo. Boke haongei. Akisikia njaa, anaonyeshaje?

Pastory akamwangalia Redio. Redio, kwa mara ya kwanza mwaka ule, alinyamaza.

— Mama yake ndiye alikuwaga anajua, — Pastory alisema.

— Pole sana, baba. Na akiumwa?

Keraryo alianza kusuuza vikombe vilivyokwisha kusuuzwa.

— Kuna kitu anafanyaga, — Pastory alisema polepole. — Anajipiga hapa, sikioni. Kila jioni, tangu tuzike. Anajipiga huku ananitazama.

— Hiyo ni njaa, baba, au ni maumivu?

Pastory hakujua. Jioni zote hizo alikuwa akiushika ule mkono na kumchapa, akidhani ni utundu. Sista alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Kisha akamgeukia Winchi, na Winchi akageuka kuangalia lori.