Isale la Kiboriloni

Sogeeni jamani, mlio nje ya turubai ingieni, na kina mama wa jikoni wekeni miko chini kidogo, tunyamaze, maana haya nimeyasema mimi mjane wa marehemu, Mektrida, kalamu siijui, mjukuu wetu Doris ameandika na ndiye anayewasomea.

Mume wangu Sirili alizaliwa hapa Kilema tarehe 12 Machi 1937, mtoto wa kwanza wa Mzee Thadeus, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka 1955 akashuka Moshi kwa miguu, akaajiriwa na wapima viwanja kuvuta mnyororo wa kupimia, mji wenyewe ukiwa mitaa michache karibu na stesheni, ukivuka hapo ni mahindi na fisi.

Tarehe 3 Agosti 1958 mnyororo ulipita shamba la chini la baba yake, Kiboriloni, naye akang'oa kwa mkono wake isale la mpakani, mmea ule ule tunaompelekea mtu tuliyemkosea kumwomba msamaha, akalitupa, akasimika jiwe la saruji, Mzee Thadeus akaja, akatazama, akasema, "Umeng'oa alichonipandia baba yangu, kihambani kwangu kule juu, kwenye migomba ya ukoo, hutazikwa, utalala na saruji yako." Marehemu akampelekea isale jingine, ambalo kwa desturi halikataliwi, mzee akamwambia, "Nataka lile lile."

Tulifunga ndoa kanisani Kilema tarehe 8 Januari 1962, tukajaliwa Gladys, Yuditha na Praygod, tukajenga Kiboriloni, na mji ukaota mbele ya macho yetu, leo lami, kesho soko, keshokutwa ghorofa, hata ukisimama huku juu asubuhi mabati yanang'aa kama ziwa, naye alikuwa akisimama katikati ya watu, ananiambia, "Mama Gladys, hapa fisi alinikimbiza, leo wanauza simu." Lakini akirudi nyumbani alikuwa ananiuliza mimi atazikwa wapi.

Mzee alifariki mwaka 1979, akamwachia Sylvanus, kitinda mimba wake, nyumba, kihamba na lile neno, na kila Krismasi Sylvanus alimpokea kaka yake kwa kusema, "Bwana Saruji, karibu, usikanyage mpaka."

Mwezi Februari 2009 fundi Jasmeet, Singasinga aliyefyatua yale mawe ya mipaka, alimwita marehemu, akamwambia, "Sirili bwana, ule mti wako ulioutupa mpakani niliuokota, nikaukata vipande, nikachomeka nyuma ya karakana kuzuia mbuzi, njoo uone." Tukakuta ukuta wa masale umepita kimo cha mtu, mji mzima umejengwa kuuzunguka, marehemu akavua kofia, akakaa chini. Kesho yake alipanda Kilema na shina moja, Sylvanus akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Kaka, karibu kwako."

Aliugua moyo tangu Juni 2023, akafariki tarehe 19 Mei 2024, akiwa na miaka 87. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kiboriloni mliomleta huku juu mabegani pale gari liliponasa kwenye tope, jumuiya, na wapima wenzake mliobaki wawili.

Nyumba ya Kiboriloni amerithi Praygod, mnyororo amerithi Gladys, kofia Yuditha, mawe yake ya saruji umerithi mji wa Moshi, uyatunze, na Sylvanus amerithi isale, ndilo hilo mnaloliona kichwani pa kaburi, limeshatoa jani jipya. Baba Gladys, umefika kwenu, pumzika kwa amani.