Dakika Arobaini za Kwenda Bukoba

"Walisema dakika arobaini, sasa saa nzima imepita!" alilalamika mama aliyeketi mbele yangu, basi letu la Kahama likikaribia Geita. Binti yake, Eufrasia, alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza, Mwanza kwenda Bukoba, na simu yake haipatikani.

"Kwenye ndege wanazima simu, mama," alisema kijana wa pembeni yake, mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu. "Halafu kwa angani ni karibu, kilomita hazifiki mia mbili." Alisema kama rubani mstaafu.

"Karibu, lakini chini ni ziwa. Basi likiharibika si unashuka tu?"

"Mbona hata sisi tukishuka duarani, kule shimoni, kuchimba, simu hazishiki?"

"Na mama yako huwa anakaaje muda huo?"

Rubani wetu akageukia dirishani.

Tulipoingia stendi, simu ikaita. Mama akaweka sauti kubwa. "Mama, ndege ilichelewa. Simu niliizima mapema nisije nikasahau. Ndiyo kwanza tunaitwa kupanda."

Abiria tukaanza kushuka. Mama alibaki ameketi, akamshika kijana mkono. "Mwanangu, sasa hivi ni saa ngapi?"