Bi. Mwaija na Kiatu cha Mtani

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, Bi. Mwaija Mwinjuma, Mratibu wa Umoja wa Wafanyabiashara na Utalii wa Korogwe na Handeni, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Ofisi imemwandalia zawadi ya saa ya ukutani, ingawa sote tunajua hajawahi kuiamini saa. Kwake mkutano huanza watu wakishajuliana hali, na kujuliana hali kwa Bi. Mwaija ni shughuli: nyumbani, shambani, mifugo, mguu wa mama mkwe, kisha anarudi tena nyumbani kuhakikisha hakuna kilichosahaulika.

Alizaliwa Handeni, akajiunga nasi akiwa karani wa ofisi ya chumba kimoja. Siku hizo alipakiwa kwenye pikipiki hadi Makuyuni kuwashawishi wakulima wauze mazao yao kwa pamoja, akirudi na vumbi hadi kwenye kope na kuku wa zawadi mkononi. Maonesho yetu ya bidhaa ya kila mwaka ni kazi yake. Kelele za spika kwenye maonesho hayo pia ni kazi yake, na majirani wa uwanja wanaomba mrithi wake awe mtu mpole kidogo.

Upande wa utalii, mafanikio yake yalianza kwa balaa. Wageni wawili wa kwanza aliowapeleka kuona milima ya Lutindi na misheni yake ya zamani hawakufika Lutindi. Gari liliwafia Mashewa. Fundi akitafutwa, Bi. Mwaija aliwaketisha uani kwa watu, wakapukuchua mahindi na wenyeji mpaka vidole vikawaka moto, wakala, wakalala huko huko. Mwaka uliofuata rafiki zao wakatuandikia kuomba ile safari ya mahindi. Hadi leo tunaiuza, gari likiwa zima kabisa.

Lakini ukimtaja Bi. Mwaija mjini Korogwe siku hizi, watu watakuuliza habari za kiatu.

Mwezi Machi, kampuni moja ya mabasi yaendayo Arusha ilimtuma meneja wake, Bwana Castory, kutuarifu kwamba mabasi yao hayatasimama tena Korogwe kwa chakula. Yangehamia hoteli mpya ya njiani, nje kabisa ya wilaya. Kwa mama lishe na wauza matunda wa stendi yetu, hiyo ilikuwa kama kuambiwa wafunge virago, kwani mabasi hayo ndiyo riziki yao kubwa. Tulimsihi Bwana Castory asubuhi nzima. Alisikiliza kwa adabu, akasema uamuzi umeshapita, abiria wanacheleweshwa mno. Kisha akainuka kuaga, akagundua ana kiatu kimoja.

Viatu vilikuwa vipya, vikimbana, naye alikuwa amevivua chini ya meza. Tulitafuta hadi nyuma ya kabati. Bi. Mwaija pia hakuwepo. Mhudumu wetu ndiye aliyetoboa siri: mama ametoka na kiatu ndani ya mkoba, kasema mwenyewe akifuate stendi kwa mama lishe Fatu. Tulitamani ardhi ipasuke. Bwana Castory aliuliza swali moja tu: "Huyu mama ni Mzigua?" Tukakiri. Akakaa chini akacheka mpaka akafuta machozi, maana yeye ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikuchukulia kitu huna ruhusa ya kukasirika. Unakifuata.

Basi akakifuata, amevaa kandambili za ofisi. Fatu alimkaribisha wali na maharage, akamwambia kiatu kimeshapelekwa kwa Munira wa machungwa. Munira alimmenyea machungwa, akamwelekeza kwa muuza mihogo. Kila meza alilazimika kuketi, kula na kusalimiana na mwenye biashara. Alipozunguka na kurudi kwa Fatu, kiatu kilikuwa pale pale chini ya benchi, hakijatoka hata hatua. Ndipo Fatu akamwambia, "Baba, kama shida ni muda, kondakta wako anipigie akipita Mkata. Mkifika hapa chakula kimeshafungwa, mnachukua mnaondoka." Bwana Castory alilipeleka wazo hilo kwa wakubwa wake.

Majibu yalikuja mwezi Aprili: mabasi yanabaki. Stendi ililipuka kwa vigelegele. Bi. Mwaija yeye alikaa kwenye benchi la Fatu akalia, na wengi wetu hatukuwahi kumwona akilia. Ndipo alipotuambia kwamba mama yake, marehemu Bi. Hajira, aliuza machungwa kwenye stendi hiyo, sinia kichwani, akiyakimbilia mabasi madirishani, na kwamba sinia hilo ndilo lililomsomesha. Miaka yote alitunyamazia, akihofia tutasema anaipendelea stendi. Alikuwa anaipendelea, tena waziwazi, na tunamshukuru kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Tulipomuuliza atafanya nini akistaafu, tulitarajia kusikia habari za wajukuu. Kumbe amekwisha kukodi meza jirani na Munira. Tarehe mosi Julai anaanza kuuza machungwa.

Bi. Mwaija, asante kwa kazi, kwa kicheko na kwa kutuaibisha mbele ya wageni pale ilipobidi. Mungu akujalie afya njema, miguu yenye nguvu na wateja wasiokopa. Umoja unampoteza mratibu na kumpata mwanachama, na kwa tunavyokujua, lalamiko lako la kwanza litafika ofisini kabla ya wiki kwisha. Tutalishughulikia, mama. Stendi ni ya kwenu.