Namba 22 Ameanguka

TAVARIS: Haloo? Nani mwenzangu?

ROCHELLE: Mimi dada yako. Simu ya Baba hii, yangu imeisha chaji. Uko wapi?

TAVARIS: Jumamosi saa tisa nitakuwa wapi? Ghalani, napakia matairi.

ROCHELLE: Toka nje kidogo.

TAVARIS: Msimamizi keshanitolea macho. Sema haraka.

ROCHELLE: Umeanguka.

TAVARIS: Nani?

ROCHELLE: Wewe. Kwenye gemu ya runinga. Yule wewe waliyemchora.

[Nyuma yake, mashine ya kubebea mizigo inapiga honi.]

TAVARIS: Rochelle, nina matairi mia nne yananisubiri, na wewe unanipigia kuhusu—

ROCHELLE: Nisikilize! Watengenezaji wametuma toleo jipya asubuhi, eti mchezo ufanane zaidi na uwanjani. Limefuta mipangilio yangu yote. Unajua siku zote nazima ile sehemu ya wachezaji kuumia kabla sijamwashia Baba. Leo nimewasha, nikaenda jikoni kumchemshia karanga zake—

TAVARIS: Hukukagua.

ROCHELLE: Sikukagua! Nimesikia kelele tu. Ulikuwa unakimbia na mpira kwapani, watatu wakakurukia kukuangusha. Goti la kushoto.

TAVARIS: La kushoto?

ROCHELLE: Lile lile uliloumia kweli. Wakaleta na kile kigari cha kubebea majeruhi. Umelala juu yake, taulo yako inaning'inia kiunoni vile vile ulivyokuwa ukiifunga. Mimi mwenyewe nilisahau kama ni gemu, sembuse Baba.

TAVARIS: Basi mwambie ukweli.

ROCHELLE: Ukweli upi? Kwamba hujagusa mpira tangu mwaka jana? Tumemwambia mara tatu, Tavaris. Mara zote tatu alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Kichwani mwake timu yako ya chuo inacheza kila Jumamosi na wewe umo. Hicho tu ndicho kilichombakia.

TAVARIS: Wazo lako hilo. Mashine icheze yenyewe kwa yenyewe, mzee adhani ni matangazo ya moja kwa moja.

ROCHELLE: Na wewe ulicheka. Ukasema angalau kuna mtu mmoja bado anakuona ukikimbia.

TAVARIS: Yuko wapi sasa?

ROCHELLE: Mlangoni. Anatafuta ufunguo wa gari aende hospitali. Kavaa fulana yako ya namba na kofia ya kanisani. Kiatu kimoja chake, kingine changu. Mshike kwa maneno, mimi nikaanzishe mchezo upya— Baba, taratibu! Huyu hapa, huyu—

EZELL: Haloo! Haloo! Daktari?

TAVARIS: Ni mimi, Baba. Shikamoo.

EZELL: Marahaba, marah— Tavaris! Wamekupa simu? Uko kitandani?

TAVARIS: Niko... nimekaa.

EZELL: Mbona kelele? Hospitali gani ina honi?

TAVARIS: Magari ya wagonjwa, Baba.

EZELL: Nimeendesha basi la shule miaka thelathini, kijana. Mtoto anayenidanganya namjua hata akiwa kiti cha nyuma kabisa.

TAVARIS: Mguu unauma kidogo tu.

EZELL: Kidogo? Nimeuona ulivyopinda! Mtangazaji kasema msimu umekwisha kwako. Msimu mzima, Tavaris! [mkwaruzo] —ka upasuaji au ba—

TAVARIS: Sikusikii, Baba. Sogea dirishani.

EZELL: Niko dirishani. Gari silioni. Nani kachukua gari langu?

TAVARIS: Liko kwa fundi.

EZELL: Kila siku kwa fundi! Huyo ni fundi au mume wa hilo gari?

[Tavaris anacheka. Baba hacheki.]

EZELL: Mwanangu.

TAVARIS: Naam.

EZELL: Ni mimi.

TAVARIS: Najua ni wewe, Baba.

EZELL: Hapana. Nasema ni mimi niliyekuvunja.

TAVARIS: Baba, achana na—

EZELL: Ulinipigia Ijumaa. Ukasema, Baba, goti linavuta. Nikakujibu nini?

TAVARIS: Sikumbuki.

EZELL: Nikakujibu nini!

TAVARIS: ...Kwamba watu wa ligi ya kulipwa wanakuja kunitazama.

EZELL: Nikakwambia funga bandeji ucheze, usinitie aibu. Kwa mdomo wangu huu. Nilishamtangazia kila mtu kwa kinyozi. Mama yako angekuwa hai angenipiga na kikaango.

TAVARIS: Baba—

EZELL: Nisamehe, mwanangu.

[Honi. Mtu anaita, "Tavaris! Lori hilo!"]

EZELL: Haloo? Upo?

TAVARIS: Nipo.

EZELL: Unalia? Linauma hivyo?

TAVARIS: Silii. Nimelisubiri sana hilo neno, Baba. Mwaka mz—

EZELL: Mwaka upi? Si umeumia leo?

TAVARIS: Leo. Ndiyo, leo. Baba, nisikilize vizuri. Nimekusamehe. Umesikia? Nilishakusame—

EZELL: Ngoja. Ngoja kwanza.

TAVARIS: Baba?

EZELL: Wanatoka! Wanaingia uwanjani! Rochelle, ongeza sauti! Ishirini na mbili... taulo ile pale! Anakimbia! Mtoto kasimama!

TAVARIS: Baba, umesikia nilichokwambia?

EZELL: Ee? Nani mwenzangu?

TAVARIS: Ni— [mkwaruzo]

EZELL: Samahani, bwana, piga baadaye. Mwanangu anacheza.

TAVARIS: Sawa, mzee. Anacheza vizuri?

EZELL: Vizuri? Ungekuwepo hapa ungesahau kupumua!

TAVARIS: Mzee, akikupigia Ijumaa akasema goti linavuta...

EZELL: Goti? La nani, la huyu? Mwone alivyo mzima! Haya bwana, kwaheri, kwaheri, wanaanza hao—

TAVARIS: Mwambie akae nje ya uwanja. Mzee? Mwambie asi—

[Simu imekatwa.]