Ng'ombe Wanne kwa Pikapu Moja

Tangu Bwana amchukue mke wangu, jioni zangu zimekuwa ndefu, nami huzipunguza hapa Kyimo, kwenye benchi la Boazi muuza kahawa. Kisa hiki ni cha miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kupanda milima yetu. Jirani yangu Ambwene alikuwa ameona pikapu Mbeya. Alitaka kuuza ng'ombe wake wote wanne ailipie. Jioni moja kabla ya kuwauza, hapo kwenye benchi, walimweka kati wawili: Spana, aliyewahi kuwa utingo wa lori, na Meja, ambaye jeshi alilisikia redioni tu.

— Ambwene, kununua gari ni mahari tu, alianza Spana. Matunzo yanafuata. Tairi, betri, bima. Na barabara ya Ikuti inatafuna springi kama muwa.

— Nitalitunza. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Atainama fundi, na mgongo wake utaulipia wewe!

— Na mvua yetu je? aliuliza Meja. Hapa bati jipya linaota kutu kabla hujahamia. Mwaka wa tatu utaendesha usukani na kiti.

— Meja, mvua ni baraka, nilimwambia.

— Kwa migomba, baba. Kwa bodi, hapana. Na mnajua kwa nini Wajapani wanayauza rahisi? Kwao hakuna pa kuyazika. Wametuchagua sisi tuwe makaburi.

— Makaburi wapi! alisema Spana. Kila gari wamelifungia ugonjwa wake ndani. Siku litakayokufa wanaijua, na meli ya spea inang'oa nanga kwao wiki moja kabla.

— Mbona spea huchelewa? aliuliza Meja.

— Haraka haraka haina baraka.

Ambwene alitikisa kichwa.

— Semeni mtakavyo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Ndiyo maana nanunua pikapu, sinunui basi.

Tulicheka hadi kahawa ikamwagika. Hapo akafika Tusekile, mkewe, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani.

— Mugonile, baba zangu, alitusalimu kwa kilugha chetu.

— Ndaga, mama, tuliitikia.

— Nina swali moja. Hapa kwetu, kukiwa na msiba, mwenye gari hubeba watu na haombi nauli. Mume wangu akiwabeba ninyi, nani atatia mafuta?

Spana alichungulia kikombe chake. Meja alikohoa. Mimi nilimkumbuka marehemu mke wangu. Jirani mmoja aliuleta mwili wake kutoka hospitali kwa Land Rover yake, nami nilimlipa kwa sala. Mungu huisikia sala, ila tangi halisikii.

Ambwene alitutazama mmoja mmoja, akangoja. Kisha akamtua mkewe mzigo, akajitwika yeye.

— Twende tukawalishe ng'ombe wetu, mama Tumpe.

Walipopotea kwenye kona, Spana akaguna:

— Sasa Jumamosi, kwenye mazishi kule Masoko, tutapanda nini?