Dada Yetu Fulani

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mwalimu wa Kitabu. Ndivyo wanafunzi walivyomwita, naye aliipenda lakabu hiyo kuliko cheo chochote. Alikuwa mchungaji, akafundisha chuo cha theolojia, na kwa miaka arobaini alisoma kitabu kimoja: Kitabu cha Sala cha Kianglikana. Kimoja, nasema, ila matoleo kumi na mawili! Alijua hata koma ipi iliongezwa lini.

"Ukikosa maneno ya kumwambia Mungu, kitabu kinakuazima," alizoea kufundisha. "Tajiri na mfagizi wanaungama kwa maneno yale yale, na wanazikwa kwa maneno yale yale." Maneno matamu, wasikilizaji. Siku moja yakamtokea puani.

Mfagizi wa kanisa lake alifariki. Wote walimwita Mama Kengele, maana ndiye aliyepiga kengele ya ibada. Miaka tisa alimfungulia mchungaji mlango kila asubuhi. Siku ya maziko, Mwalimu akiwa njiani na kanzu yake mkononi, ndipo alipogundua kwamba hajui jina la marehemu. Jina lake hasa. Mtu yeyote pale makaburini angemwambia. Lakini aliona aibu. Mchungaji mzima, miaka tisa, leo aulize? Akajipa moyo kwamba jina litamjia.

Halikumjia. Na penye nafasi ya jina, kitabu kimechapwa "fulani" ili msomaji ajaze mwenyewe. Alipofika hapo, ulimi ukasoma ulichokiona: "Dada yetu fulani."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine, Mungu amsamehe, akacheka. Mdogo wake marehemu, mshonaji, akasema kwa sauti: "Ana jina, Mchungaji. Fulani ndiye nani?"

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alikwenda kwa yule mshonaji, akakaa kando ya cherehani, akaomba jina. Akapewa. Akatoa penseli aliandike kwenye ukurasa ule wa maziko.

"Sasa ndiyo unaandika?" mshonaji akamwuliza. "Tumeshamfukia."

Akaliandika hivyo hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Binti yake anasema tangu hapo baba alifika mazikoni saa nzima kabla ya watu. Aliuliza jina, akalirudia kimoyomoyo, akaliandika pembeni mwa ukurasa. "Tulimtania," anasema binti. "Tukamwambia, Baba, ipo siku utamwuliza marehemu mwenyewe. Baba alipenda utani, lakini huo hakuucheka hata mara moja."

Jumatano iliyopita Mwalimu wa Kitabu alifariki. Chini ya majina yale ya penseli, familia imekuta mwandiko wake: "Nikizikwa, msinitaje. Someni fulani, kama nilivyomsomea yeye."

Mjane alilia sana. "Mume wangu si fulani," alisema. Walibishana siku mbili. Jana akakubali.

Poleni sana, mama mjane. Poleni watoto, poleni wanafunzi wake. Nanyi mtakaokwenda kuzika kesho, mkisikia "ndugu yetu fulani", tafadhali msigune.

Nami nikiri, wasikilizaji wapendwa. Leo asubuhi nilimsimamisha mama anayefagia studio hii, nikamwuliza jina lake. Miaka sita tunasalimiana. Alishtuka, akaacha ufagio, akaniuliza, "Kwani nimekosa nini?"